Barabara ya Morogoro–Dodoma: inatosha, au ijengwe nyingine?

Kilomita 260 hivi, lami mwanzo hadi mwisho, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hiyo ndiyo inayobeba mabasi ya Mwanza, malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na magari ya watumishi ambao tangu 2016 wamekuwa wakihamia makao makuu ya serikali, Dodoma. Kwa huduma inayotoa leo tunaipa alama tatu kati ya tano. Na kwa wanaotaka ijengwe barabara mpya ya haraka sambamba nayo, jibu letu ni: bado. Shilingi za mwanzo ziende pale hii iliyopo inapoumia.

Tuanze na muda. Basi, na lori la zaidi ya tani 3.5, mwisho wake kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Kwenye makazi hakuna gari linaloruhusiwa kuzidi 50. Kilomita moja kwa mwendo wa 80 ni sekunde 45, kwa 50 ni sekunde 72. Kwa hiyo kila kilomita 10 za makazi zinakula dakika nne na nusu za ziada, kabla hujahesabu matuta, vivuko na bodaboda. Na vibao vya 50 ni vingi: Dakawa, Dumila, Magole, Gairo, Kibaigwa, Buigiri, Chamwino. Kibaigwa inabana kuliko zote kwa sababu ya soko la mahindi. Msimu wa mavuno malori yanaegeshwa hadi kwenye bega la barabara, Fuso zinageuza katikati ya lami, na wabebaji wanavuka na magunia mabegani. Pita alfajiri, si jioni.

Tatizo hili halidai kilomita 260 mpya. Linadai barabara za mchepuo, fupi, kuzunguka Dumila, Gairo na Kibaigwa, na maegesho ya malori upande ule ule wa soko ili watu wasivuke. Dodoma upande wake ina mradi wa barabara ya mzunguko ya njia nne, kilomita 112.3. Morogoro ndiyo iliyobaki nyuma: pale Msamvu magari ya Dodoma, Iringa na Dar es Salaam bado yanakutana, matangi ya mafuta yakiwemo. Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo likalipuka, watu zaidi ya 100 wakafa. Mzigo wa namna ile haupaswi kupita katikati ya mji.

Baada ya Dumila barabara inaanza kupanda kuelekea Gairo, na hapa ndipo madereva wanapohatarisha maisha yao. Semitrela iliyojaa inashuka hadi kilomita 20 kwa saa, maana yake dakika tatu kwa kila kilomita, na nyuma yake foleni inazidi kurefuka na uvumilivu kuisha. Hata kwenye tambarare, kulipita lori la mita 17 linalokwenda 50 huku wewe ukiwa 80 kunachukua sekunde saba hadi nane. Katika muda huo unakula mita 170, na gari linalokuja mbele linakula nyingine kama hizo. Usipoona mita 400 zilizo wazi, tulia. Mlimani mita 400 hizo hazipatikani. Dawa yake inajulikana: njia ya tatu ya kupandia kwa magari mazito, ianze kabla lori halijapoteza kasi na iendelee mita mia kadhaa baada ya kilele. Ikiishia kileleni penyewe, unakuwa umehamisha ajali tu.

Mifereji ya matairi kwenye lami, hasa mlimani na karibu na matuta, inatokana na uzito, mwendo mdogo na joto vikikutana. Uharibifu wa barabara hukua kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu): ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 zinazoruhusiwa huumiza lami mara mbili, si asilimia 20 zaidi. Mizani ya kupimia malori ikilegea, barabara mpya nayo itachakaa vivyo hivyo.

Lakini kinachotisha kuliko yote ni maji. Januari 2014 mafuriko yalibomoa daraja la eneo la Dumila na Magole. Machi 2020 ikawa zamu ya Kiyegeya, Gairo. Njia ikikatika hapo, mbadala ni kuzunguka Iringa, zaidi ya kilomita 500 badala ya 260. Mito hii inashuka kutoka milimani ikiwa na mchanga, magogo na majani. Kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, ikizibwa nusu, maji yanapanda nyuma ya tuta la barabara, yanatafuta upenyo pembeni ya zege na kula udongo kutoka chini. Juu lami inaonekana nzima. Chini kumebaki shimo. Kabla ya masika kila kalavati isafishwe, na zile ndogo kwenye mikondo mikubwa zibadilishwe kuwa madaraja yenye nafasi pana, kuta za kuongoza maji na mawe ya kuzuia mmomonyoko. Hii ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya mchepuo wowote.

Wanaotaka barabara ya haraka wana hoja yenye uzito. Mpango wa ile ya kulipia, Kibaha–Chalinze–Morogoro, kilomita 205, ukikamilika utamwaga magari Msamvu kwa kasi zaidi. Ila tangu Julai 2024 treni ya SGR, reli ya kisasa, inabeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma, na tozo hurudisha gharama pale tu magari yanapokuwa mengi mchana na usiku. Anayepanga hesabu aisubiri kwanza reli ichukue makontena, ndipo ahesabu malori yaliyobaki.

Kitu kimoja hakisubiri: ardhi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande tangu sheria ya 2007, kutoka 22.5, na wengi wanazijua alama za X, nyekundu kwa asiye na fidia na kijani kwa mwenye haki ya kulipwa. Ukanda wa barabara ya baadaye upimwe sasa, mbali na vijiji, wakati bado ni mashamba na mapori, uwekewe mawe ya mipaka, na wenye mashamba walipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini. Viwanja vya kuelekea Ihumwa, pembeni mwa Dodoma, vinauzwa kila siku.