Fildi ya kutiki vitu vingi kwenye Access: nimeitumia kwa databesi ya gereji

Wacha niseme mapema, hii fildi (safu ya jedwali) ya Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, yenye inakuruhusu kutiki majibu mengi kwa boksi moja mi naipenda, lakini naipenda kwa kuingiza data. Ukifika kwa kwiri (ile amri ya kuuliza au kubadilisha data) na pesa, hapo ni story ingine.

Naishughulikia kwa databesi ya gereji moja hapa Industrial Area. Mama mwenye gereji alikuwa ameshajengewa na mtu mwingine kitambo, mimi niliitwa nimwekee ripoti. Gari ikiingia inafunguliwa kadi ya kazi, na kwa hiyo kadi kuna fildi mbili za kutiki: moja ni Kazi (breki, sevisi, klachi, shoki na kadhalika) na ingine ni Fundi, juu gari moja inaweza kushikwa na mafundi watatu na kila mmoja anadai kamisheni yake. Dada wa ofisi anafungua kilisti, anatiki Otieno, anatiki Musyoka, anafunga, basi. Hakuna kuandika majina kwa mkono mpaka mtu mmoja anakuwa na spelling nne. Kwa hiyo upande sina maneno, ni safi kabisa.

Hizi fildi zilikuja na Access 2007, pamoja na faili za .accdb, na sababu moja kubwa ilikuwa ili Access ielewane na listi za SharePoint, ule mfumo wa Microsoft wa watu wa ofisi kushirikiana data. Kwa hivyo kama bado uko na faili ya zamani ya .mdb usizitafute, haziko. Na ukibadilisha fildi ya kawaida iwe ya majibu mengi, Access inakuonya kabisa kwamba ukisha-save jedwali hakuna kurudi nyuma. Hilo onyo lisome bana, watu wanabonyeza Yes tu.

Sasa kitu chenye wengi hawajui ni kwamba yale majina unaona yamepangwa na koma katikati hayajaandikwa hivyo mahali popote. Access imetengeneza jedwali lingine chini kwa chini, imelificha, na inakuonyesha tu matokeo. Ukielewa hapo, mambo mengine yote yanaanza kuingia akilini. Ukiandika kwiri ukaitisha Fundi peke yake unapata mstari mmoja kwa kila kadi na majina yote ndani. Ukijaribu kupanga kwa hiyo fildi na ORDER BY, au kuweka makundi na GROUP BY, au kutoa marudio na DISTINCT, inakataa. Ukiandika Fundi.Value ndio inafunguka, kadi yenye mafundi watatu inakuwa mistari mitatu, na hapo unaweza kupanga na kuhesabu vile unataka.

Na hapo kwa kuhesabu ndio kulikuwa na moto. Mama alinionyesha ripoti ya zamani akaniambia, "Kijana wangu, hii karatasi inasema tumeingiza pesa mingi kuliko yenye iko benki, nani ananiibia?" Nikamwambia mama ngoja kwanza, hakuna mtu anakuibia. Nikafungua ile kwiri nikachukua kadi moja tu tuiangalie pamoja: malipo 6,500, mafundi watatu. Kwiri ilikuwa na Fundi.Value na Sum ya malipo, sasa ile 6,500 imerudiwa kwa kila fundi na jumla ya chini inasoma 19,500. Kila mstari ukiuangalia peke yake hauna makosa, kweli Otieno alishika gari ya 6,500, Musyoka pia, lakini ukijumlisha wote unahesabu gari moja mara tatu. Jumla ya mapato inatakiwa itoke kwa kwiri yenye haina .Value ndani, na ile ya mafundi iwe kwiri yake tofauti. Mama alicheka akasema alikuwa karibu kumfukuza dada wa ofisi.

Kuna mtego mwingine mdogo. Kama fildi inachota majina kutoka jedwali la mafundi, mara nyingi chenye kimehifadhiwa ni namba ya fundi, jina ni la kuonyesha tu. Kwa hivyo ukiandika sharti la WHERE Fundi.Value = "Otieno" inakwambia aina ya data haifanani, unatakiwa uandike namba yake, tuseme 4, au uunganishe na jedwali la mafundi. Na ukitaka kadi zenye Otieno hakugusa, usiandike Fundi.Value <> 4 (yaani si 4) ukadhani umemaliza, juu kadi yenye iko na Otieno na Musyoka bado itatokea kupitia mstari wa Musyoka. Dawa ni hii (KadiID ni namba ya kadi):

SELECT KadiID FROM Kadi WHERE KadiID NOT IN (SELECT KadiID FROM Kadi WHERE Fundi.Value = 4)

Kubadilisha data sasa. Fundi akiondoka na kazi zake zipewe mwingine, tuseme namba 4 aende na namba 9 achukue:

UPDATE Kadi SET Kadi.Fundi.Value = 9 WHERE Kadi.Fundi.Value = 4

Inafanya kazi vizuri, isipokuwa kwa kadi zenye tayari ziko na 9, hizo inazikataa juu fildi moja haiwezi kubeba jibu moja mara mbili. Kuongeza fundi kwa kadi yenye tayari iko ni ile sentensi ya ajabu kabisa, INSERT (amri ya kuongeza) yenye WHERE, kitu mtu wa SQL ya kawaida, ile lugha ya kuandikia kwiri, akiona atakuuliza kama uko sawa:

INSERT INTO Kadi (Fundi.Value) VALUES (9) WHERE KadiID = 312

Lakini yenye inanitisha mimi ni kufuta. DELETE Kadi.Fundi.Value FROM Kadi WHERE Kadi.Fundi.Value = 4 inatoa jina la fundi peke yake, kadi inabaki. Sahau hiyo Kadi.Fundi.Value ya kwanza uandike DELETE FROM Kadi, na kadi nzima inaenda, malipo, namba ya gari, kila kitu. Fanya kopi ya faili kwanza, kila mara, hata kama unajiamini.

Ukitaka kufanya hizi vitu kwa VBA, lugha ya programu ya ndani ya Access, inawezekana pia, unafungua rekodi, halafu unafungua rekodiseti (fungu la rekodi) ndogo ndani ya ile fildi, unaongeza na AddNew, una-Update ya ndani kwanza ndio ya nje. Ni code ndefu kwa kitu kidogo, mi naona afadhali SQL.

Kwa gereji nimeacha Kazi vile ilikuwa, juu ni lebo tu, mama anataka kujua ni gari ngapi zimekuja na shida ya breki mwezi huu, imeisha. Fundi ndio nimeitoa. Siku mama aliamua fundi mkubwa achukue nusu ya kamisheni na wale wengine wagawane, hakukuwa na mahali pa kuandika hiyo, kwa sababu kwa lile jedwali limefichwa huwezi kuongeza safu yako. Nikatengeneza KadiFundi ya kawaida, yenye KadiID, FundiID na Kiasi, halafu nikahamisha:

INSERT INTO KadiFundi (KadiID, FundiID) SELECT KadiID, Fundi.Value FROM Kadi WHERE Fundi.Value IS NOT NULL

Hiyo .Value usiiache, bila hiyo Access inakataa kabisa kumwaga fildi ya majibu mengi kwa jedwali lingine. Dada wa ofisi amelalamika kidogo ati saa hii anachagua fundi mmoja mmoja kwa fomu ndogo badala ya kutiki, na ako na haki, imekuwa polepole. Lakini kamisheni inatoka sawa.