Uzoefu wangu: miezi 14 kwenye apatimenti mpya Kariakoo

Eti ni kweli mmehamia Kariakoo, na maisha ya huko yakoje? Swali hili nimeulizwa sana ofisini na kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo nalijibu mara moja liishe. Ndiyo, tumehama Mbezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, tukaenda kupanga Kariakoo, kwenye soko na maduka. Hapana, sijafungua duka.

Tulihamia Januari 2025, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kule Mbezi tulikaa ndani ndani, mahali ambapo lami inakuacha na bodaboda inakupokea. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri. Boda hadi barabarani, daladala hadi Kimara, foleni ya mabasi ya mwendokasi, halafu kilomita kama 15 za kusimama, kwapa la mtu likiwa usawa wa pua yangu. Nikifika Posta, mjini iliko ofisi, niko hoi, na kazi sijaanza. Mtoto wa mwisho alikuwa ananiona vizuri Jumapili tu. Siku nyingine natoka amelala, narudi amelala.

Jengo sitalitaja. Lina ghorofa 9, liko kati ya Msimbazi na Lumumba, na lilikuwa bado linanuka rangi tulipoingia. Chini kabisa kuna andagraundi, juu yake fremu za maduka, ghorofa ya kwanza ofisi, kisha apatimenti. Yetu iko ya 7: vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko lenye makabati, na kibaraza cha kuanikia nguo kinachotosha kamba mbili. Taili zinang'aa, dari la jipsam lina taa za rangi ambazo tuliziwasha wiki ya kwanza, hatujaziwasha tena.

Hela sasa, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kodi ni 750,000 kwa mwezi, unatanguliza miezi 6. Dalali anakula mwezi mmoja. Kuna na 60,000 kila mwezi ya usafi, ulinzi na lifti. Mbezi tulilipa 300,000 na tulikuwa na ua wa kufugia kuku. Lakini nauli zetu wawili, ukiweka na boda, zilikuwa zinameza laki 3 na kidogo kila mwezi. Ukitoa na kujumlisha, tofauti inabaki kama laki 2. Laki 2 hizo ndizo ninazonunulia saa zangu 4 za kila siku. Mwenye kuona ni ghali, sibishani naye.

Mume wangu hakutaka kabisa, na sababu yake haikuwa hela. Tarehe 16 Novemba 2024 lilianguka lile ghorofa la Kariakoo, mitaa ya Mchikichi na Congo, watu zaidi ya 20 wakafa, na nchi nzima ilishinda na simu mkononi ikifuatilia waokoaji wakiongea na waliofukiwa. Miezi miwili haijatimia, mke anasema twende tukaishi huko huko. Alikumbusha pia la Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, nalo likaanguka. Sikuwa na jibu la maneno. Nikampigia shemeji yangu ambaye ni fundi wa majengo, siku ya kuoneshwa nyumba tukaenda watatu.

Dalali akabonyeza lifti. Shemeji akasema, hapana, tunaanzia chini.

"Kaka, wateja wote wanaangalia jiko. Nyie mnataka andagraundi?"

"Jiko halijawahi kumwangukia mtu."

Tukashuka. Alimulika nguzo moja moja kwa tochi ya simu: kama kuna iliyochongwa ili kupata nafasi ya mzigo, kama kuna ufa unaopanda kwa mshazari, kama kuna maji yaliyotuama, kama kuna anayechimba kuongeza kina. Jirani je, anachimba? Hilo la jirani mimi nisingelifikiria. Kisha akamuuliza msimamizi kibali kinasema ghorofa ngapi, tukatoka nje tukahesabu kwa macho. Tisa na tisa. Ndipo tukapanda kutazama jiko. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye maelezo yangu yote haya, chukua hicho: anzia chini, na uende na mtu anayejua anachokitazama.

Niingie kwenye raha, maana ipo na ni kubwa.

Raha ni miguu. Natoka saa 1 na nusu asubuhi, siamki tena saa 10 alfajiri. Nashuka mtaani wakati wenye fremu wanapandisha mageti ya chuma, navuka Lumumba, napita pembeni ya Mnazi Mmoja, navuka Bibi Titi, naingia mjini. Mpaka Sanamu ya Askari, jirani na ofisi yetu, ni kama kilomita 2. Dakika 25 kwa mwendo wa mama mwenye kiatu cha chini. Njiani kuna supu, chapati, kahawa ya kikombe kidogo na kashata, na kuna mzee wa magazeti ambaye siku hizi ananisalimia kabla sijamsalimia, jambo linalonitia aibu kwa sababu ya umri wake.

Kuna kitu nilikuja kukigundua kwenye njia hiyo, na tangu hapo siachi kukifikiria. Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapa kwenye vita ya kwanza ya dunia. Ile sanamu ya mjini, iliyosimamishwa 1927, nayo inawakumbuka wapagazi pamoja na askari. Kwa hiyo kila siku natembea kutoka kambini kwao hadi kwenye ukumbusho wao, huku nikipishana na vijana wa mikokoteni wanaosukuma mabelo, yale marobota ya mzigo, wakipiga kelele "Mguu huo! Mguu huo!" Mzigo haujawahi kuondoka Kariakoo. Nitalirudia hili chini, na huko halitakuwa jambo zuri.

Mvua. Waliokaa Kimara na Mbezi wanajua: ikinyesha ya kweli, Bonde la Msimbazi linajaa, barabara ya pale Jangwani inafungwa, mwendokasi unakatika katikati kama uzi. Mimi sasa niko upande huu wa Jangwani. Masika yaliyopita kuna siku niliingia ofisini tukawa watatu, mimi, mlinzi na bosi anayekaa Upanga. Nilijisikia vibaya kwa wenzangu, lakini si sana.

Na Jumapili tunatembea familia nzima hadi Feri, tunanunua samaki, tunarudi na bajaji kwa sababu ya harufu. Watoto shule wanakwenda kwa miguu na dada wa jirani. Mwanangu mkubwa anajua kuvuka barabara, anajua mtaa wa Sikukuu na wa Swahili, anajua nani anauza daftari kwa bei ya jumla hata ukitaka moja. Mbezi alikuwa anajua dirisha la basi la shule.

Sasa Bibi.

Kiwanja cha jengo letu kilikuwa na nyumba ya Kiswahili, zile za vyumba 6 na ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Mwenye mtaji aliingia ubia na familia, nyumba ikabomolewa, familia ikapewa apatimenti kadhaa kama fungu lao. Ndivyo sehemu kubwa ya Kariakoo inavyopanda juu. Bibi wa familia hiyo anakaa ghorofa ya 2. Mbele ya mlango wake, pale ngazi zinapopata kituo, katandika mkeka, kaweka mto na redio. Lifti hapandi. "Hilo sanduku," anasema, "nitawekwa langu siku yangu ikifika."

Wiki ya kwanza nilikuwa napita na lifti, simjui. Umeme ulipokatika nikashuka kwa ngazi, nikamkuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa juu unayekaanga samaki usiku?"

Nikakiri.

"Kaa basi, uniambie ndimu unanunua wapi."

Tangu siku hiyo nashuka kwa ngazi hata umeme ukiwepo. Pale kwenye mkeka nimejua majina ya wapangaji wa ghorofa 5, nimepata mwalimu wa madrasa wa watoto, nimeonywa kuhusu fundi bomba asiyerudisha chenji, na siku mtoto alipopata homa saa 5 usiku ni wajukuu wa Bibi waliokimbia kutafuta bajaji. Mchoraji wa jengo hili hakuacha hata futi moja ya baraza. Mbele ni vioo vya maduka, ukisimama dakika mbili mlinzi anakuuliza una shida gani. Mkeka wa mwanamke mmoja ndio unaofanya kazi aliyoisahau mchoraji. Msimamizi alishamwambia mara mbili auondoe, eti unazuia njia. Mara zote mbili kaukunja, na Ijumaa ukarudi.

Nije kwenye lifti, ndiko kidonda kilipo.

Tulipoingia, ghorofa zote kuanzia ya 2 zilikuwa makazi, ndivyo mkataba unavyosema. Mwezi wa 4 jirani yetu wa mlango wa pili alihama. Akaja kijana mpole, akatusalimia, na jioni yakaanza kupanda maboksi ya viatu. Hakuna kitanda kilichopanda, hakuna jiko. Ni stoo. Mwenye jengo anapata zaidi kwa mwenye mzigo kuliko kwa mwenye watoto, na mwenye mzigo halalamiki maji yakikatika. Mpaka leo nimehesabu apatimenti 5 zilizogeuka hivyo, mbili zikiwa ghorofa yetu. Saa 4 asubuhi lifti ni ya mabelo, ubavu wake umekwaruzwa mpaka chuma kinaonekana, na mwaka jana ilikufa siku 11. Siku 11, ghorofa ya 7, mtungi wa gesi wa kilo 15. Nilimlipa kijana wa mkokoteni 5,000 akaupandisha begani, akafika juu akaomba maji.

Lifti ni karaha, sawa, lakini kinachoninyima usingizi ni moto. Soko kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli yenye mapaa kama miavuli, liliungua Julai 2021. Mimi ukutani kwangu nimepakana na chumba kilichojaa plastiki, maboksi na raba hadi darini, hakuna mtu ndani usiku. Nimeandika barua kwa uongozi wa jengo mara 3. Jibu lilikuja moja, kwa simu: "Tunalifanyia kazi, mama." Nilinunua kizimamoto changu mwenyewe na nikawafundisha watoto ngazi ya nyuma. Geti la chini la ngazi hiyo hufungwa kwa kufuli saa 3 usiku. Ufunguo mmoja sasa uko kwa Bibi, msiniulize umefikaje.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya DAWASA yanatosha mradi pampu iwe hai. Umeme kila apatimenti ina mita yake ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, hilo hakikisha kabla hujalipa, mita ya kuchangia ni ugomvi wa kudumu. Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo dai kwenye mkataba ikatwe kwenye pango, mimi nilichelewa kudai. Maegesho hakuna, gari tumeliacha kwa kaka Mbezi na sijalikumbuka. Jenereta inawasha lifti na taa za ngazi tu. Kuku nimewakosa.

Kelele inategemea wewe ni mtu gani. Adhana za alfajiri zinatoka pande tatu, zikipishana kidogo kidogo, na mimi nazipenda. Tangu ule mpango wa biashara saa 24 uzinduliwe mapema 2025, mitaa mingine imepata taa na watu mpaka usiku, na kwa mwanamke anayerudi saa 3 hiyo ni salama kuliko giza. Ila malori ya kushusha mzigo saa 8 usiku hayana adabu. Na siku ya dabi usipange kulala: Simba wako mtaa wa Msimbazi, Yanga wako mitaa ya Jangwani na Twiga, sisi tuko katikati kama nyama ya mshikaki. Mume wangu ni Yanga, mimi sina timu, na nimejifunza kuwa na timu inayoshinda.

Kama una watoto wadogo na kazi yako iko mjini, ningekwambia njoo, lakini njoo saa 4 asubuhi ya siku ya kazi, simama mbele ya lifti robo saa, uone inapandisha nini. Ukiona magunia na maboksi yamewazidi watu, mwambie dalali asante. Soma na mkataba kama unakataza stoo kwenye ghorofa za makazi, na kama kuna adhabu. Wetu unakataza. Adhabu haukuweka.

Nyota? Mtaa 5, jengo 3, uongozi 1.

Mkataba wetu unaisha Juni. Mume wangu, aliyekuwa hataki kuja, sasa ndiye hataki kuondoka. Mimi nimemwomba Bibi atuulizie ile apatimenti yao nyingine ya ghorofa ya 2, mpangaji wake anahamia Dodoma. Ina chumba kidogo kuliko yetu na dirisha la jiko linatazama ukuta. Bibi kasema bei tutaongea, na nikija nije na mkeka wangu, wa kwake hautoshi wawili.