Vital na Dexed: sauti za tayari au upike mwenyewe?

Wateja wangu hapa Mwanga, Kigoma, wengi ni kwaya. Mwalimu wa kwaya hakuulizi habari za oseleta, kile kinachozalisha wimbi la sauti. Ananiigizia kwa mdomo, "ile inayolia ting'iting'i, kama ya Wakongo," huku saa ya studio inakwenda. Ndiyo maana mtu akiniuliza atumie priseti, yaani sauti za tayari, au atengeneze sauti mwenyewe, namuuliza kwanza kafungua programu gani ya sinthesaiza, Dexed au Vital.

Dexed ni ya bure na inaiga kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983. Ndani kuna opereta 6, yaani vizalisha-wimbi, na mipangilio 32 ya kuziunganisha, na envelopu ya kila opereta, inayoamua inavyopanda na kushuka, ina kasi 4 na viwango 4. Gusa namba moja vibaya, kengele tamu inageuka bati. Hata wenye kinanda chenyewe enzi hizo wengi walibaki na sauti za kiwandani, wala siwalaumu. Humu mimi ni mtu wa priseti, bila aibu. Benki ya sauti 32 ni kama kilobaiti 4 tu, bando halishtuki, na laptopu ya mtumba inaibeba vizuri. Ninachogusa ni kumpunguza opereta moduleta, yule anayelitikisa wimbi la mwenzake, ukali ushuke, kinanda kisigombane na sauti ya kwanza.

Na anayedharau priseti akumbuke log drum ya amapiano, ile besi inayogonga kama ngoma: ilitoka kwenye priseti ya Fruity DX10, iliyomo ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nayo ni FM, mbinu hiyohiyo ya Dexed ya wimbi moja kulitikisa jingine.

Vital ya Matt Tytel, iliyotoka 2020, ni habari nyingine. Toleo la bure lina priseti 75, nyingi zimeelemea muziki wa klabu: besi zinazonguruma, midundo inayokatakata. Kwaya ya kipaimara utaipeleka wapi na vitu hivyo? Lakini kupika humu ni raha kwa sababu unaona kila kitu. Unaivuta LFO, wimbi la polepole la kutikisa vitasa, kwa mausi, unaiachia juu ya filta, yaani kichujio cha sauti, na kitasa kinaanza kucheza mbele ya macho yako. Anza na priseti tupu, oseleta moja, wimbi la msumeno. Funga filta mpaka karibu nusu, refusha ataki ili sauti iingie taratibu, ongeza yunisoni kidogo, yaani nakala za sauti hiyohiyo zilizopishana. Tayari una pedi ya kuabudu, ile sauti laini ya kujaza nyuma, na studio ya mtaa wa pili hawana.

Ubaya wake ni hiyo michoro. Inachezacheza muda wote na kuila kompyuta, na ukifungua Vital tatu kwenye mashine dhaifu, mradi unaanza kukwama. Mimi pedi ikikubalika naigeuza kuwa faili la sauti la wav, naifunga programu, tunaendelea na besi.

Matoleo ya kulipia niliyakuta kwa dola 25 na 80. Injini ni ileile. Unachoongezewa hasa ni priseti na mawimbi. Kwa kazi za kwaya sijaona sababu ya kulipa, hela hiyo niliitia kwenye hedifoni.