Dodoma hadi Arusha: Upite Kondoa au Singida?

Barabara ya Dodoma–Kondoa–Babati ndiyo ya zamani. Enzi za Mwingereza ilikuwa kipande cha Great North Road, njia ya ndoto ya kuunganisha Cape Town na Cairo, ikitokea Iringa kwenda Arusha. Ila jina kubwa halikuleta lami. Kwa miongo mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wengi waliona heri wazungukie Singida, au hata Chalinze na Segera. Kilomita 251 za lami hadi Babati zilizinduliwa mwaka 2018, na hesabu ikageuka.

Njia ya Singida inapita Manyoni na Katesh, na kufika Babati ni zaidi ya kilomita 400. Kwa haraka tu, haina hoja. Lakini ukiwa na mzigo wa kushusha Singida, au unataka mafuta ya alizeti na asali kando ya barabara, ipite. Hapo Katesh Mlima Hanang unakusimamia dirishani, mita 3,417.

Mimi napendelea Kondoa, na si kwa ufupi wake pekee. Pale Kolo ukichepuka kidogo unafika kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baada ya hapo ni milima na kona kuelekea Bereko. Usiku, nyuma ya lori lililolemewa, usilazimishe kulipita. Kuanzia Babati njia ni moja: Minjingu, Makuyuni, Arusha.