Kozi ya historia ya Wakristo wa mwanzo kule Mengo, Kampala: lipia, lakini dai somo la Karthago

Kwa shilingi 60,000 unapata masomo ya Jumamosi asubuhi kwa Kwaresima nzima, fotokopi, chai ya maziwa na chapati, na mwalimu anayekijua anachofundisha. Masomo yote ni kwa Kiswahili, kwa sababu wengi wanaohudhuria ni Wakongo wa Katwe na Nsambya, watu wa Bwera na Kasese kama mimi, na askari wastaafu wachache. Bei hiyo ni ya haki kabisa, na wakifungua tena nitarudi. Ila kuna jambo moja kubwa walilipita mbio, Kanisa la kale la Karthago huko Afrika Kaskazini, nami nitalieleza kwa urefu, kwa kuwa linatuhusu Waafrika kuliko mengine yote waliyofundisha.

Kwanza mjue nilikwenda na swali gani. Nauza vitenge Kikuubo, na ni mhazini wa kanisa dogo lenye ibada ya Kiswahili. Daftari la sadaka ninalo mimi. Mwaka jana alikuja mgeni aliyejiita mtume. Akahubiri, akaitisha sadaka ya mbegu, na mama mmoja anayeuza nyanya akatoa pesa ya kodi ya chumba chake. Jina la mama huyo na kiasi alichotoa niliviandika kwa mkono wangu. Nilipouliza ni kanisa gani lililomtuma mgeni huyu, wazee waliniambia, "Mama, usimguse mtiwa mafuta wa Bwana." Nikanyamaza siku ile, lakini moyo haukutulia. Nilitaka kujua kama Wakristo wa mwanzo nao walikuwa wakifungwa mdomo hivyo.

Somo la kwanza lilinijibu. Mwalimu wetu, mchungaji mstaafu wa Kianglikana, hakutoa hotuba. Alituambia tufungue Ufunuo 2:2, pale Efeso inaposifiwa: "umewajaribu wale wajiitao mitume, nao sio, ukawaona kuwa waongo." Kanisa linasifiwa kwa kuhoji! Kisha akatupeleka Wagalatia, Paulo anaposhindana na Kefa, yaani Petro, uso kwa uso kule Antiokia, kwa sababu Kefa alijitenga na watu wa Mataifa mezani baada ya kuwasili watu waliotoka kwa Yakobo. Kisha Wakorintho wa Pili, ambako Paulo mwenyewe ndiye anayehojiwa: wengine walikuwa wakija na barua za sifa, na Wakorintho wakimtaka naye atoe dalili kwamba Kristo anasema ndani yake. Paulo alikasirika, ndiyo, lakini alijibu. Hakuwaambia wamemgusa mtiwa mafuta.

Ila somo lililonishika ni lile la Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wasomi wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa nayo mkononi, mpaka msomi wa Kigiriki, Philotheos Bryennios, alipoyakuta mwaka 1873 ndani ya kitabu cha mkono huko Konstantinopoli, akayachapa mwaka 1883. Mwalimu aligawa ukurasa mmoja tu, sura ya 11, akatuomba tusome kwa zamu kwa sauti. Mtume akija apokewe kama Bwana. Akae siku moja, na ikibidi ya pili. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Anapoondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba pesa, ni nabii wa uongo. Akiagiza chakula kiandaliwe kwa jina la Roho, halafu akakila yeye, ni wa uongo vilevile. Na anayesema katika Roho "nipeni fedha" asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu.

Zamu yangu iliangukia sentensi ya fedha. Niliisoma nikairudia, na darasa zima likawa kimya, maana kila mmoja pale ana mgeni wake anayemkumbuka. Ndipo mzee mmoja wa Balokole, watu wa uamsho wa kiroho, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akasimama kwa fimbo yake. Akatukumbusha Mukono, mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia walipofukuzwa, William Nagenda akiwamo, kwa sababu hawakukubali kunyamaza mbele ya wakubwa wao. Akasema, "Sisi tulihoji kwa jina la Roho. Sasa kuna watu wanatumia jina la Roho ili wasihojiwe." Mwalimu hakuongeza neno. Alituonyesha tu kwamba sura hiyohiyo inakataza kumjaribu nabii anaposema katika Roho, halafu mstari unaofuata unasema si kila asemaye katika Roho ni nabii, bali aliye na mwenendo wa Bwana. Kwa hiyo maneno yake yaache, mwenendo wake utazame. Mimi nimeielewa hivyo, na kwa mhazini hiyo ni sheria inayofanyika kazi: mwenendo unaonekana kwenye hesabu.

Nani atasema mambo haya ni ya zamani? Nchi hii ina Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000 watu wengi mno waliteketea kanisani kwa sababu waliwaamini viongozi waliodai wametumwa kutoka mbinguni. Nilitarajia mwalimu aitaje, na aliitaja kwa heshima, bila kuifanya mfano wa kuchangamsha darasa.

Siku ya barua ya Klementi wa Roma darasa liligawanywa pande mbili. Wakorintho walikuwa wamewaondoa wazee wao wa kanisa, na karibu na mwaka 96 kanisa la Roma likawaandikia barua hiyo ndefu kuwakemea. Hoja ya Roma ni kwamba mitume waliwaweka maaskofu na mashemasi, wakaagiza wengine wafuate baada yao. Barua ya Wakorintho hatunayo, tunasikia upande mmoja tu. Nilipangwa upande wa Roma, na nilipoisoma sura ya 44 kwa makini niliona kitu ambacho wanaoitaja mimbarani hawakisemi. Barua haisemi kiongozi haondolewi kamwe. Inasema si haki kuwaondoa wale waliowekwa kwa ridhaa ya kanisa lote na waliotumika bila lawama. Kuna masharti mawili pale, ridhaa ya kanisa zima na utumishi usio na lawama, na yote mawili yanaweza kuchunguzwa na mtu wa kawaida.

Ignatio, askofu wa Antiokia, na amri yake ya kutofanya lolote bila askofu alipita haraka, na sawa tu, hoja yake mtu huielewa mara moja. Ireneo, askofu wa Lyon, alipewa muda zaidi. Karibu na mwaka 180 aliorodhesha maaskofu wa Roma mpaka Eleutero, akiwajibu waliodai kuwa na mafundisho ya siri yaliyopitishwa chinichini. Hapo nilimpenda Ireneo. Orodha yake ni kama daftari langu: imewekwa wazi ili atakaye aje alinganishe. Ila orodha inakuambia nani alimfuata nani, haikuambii kama aliyefuata ni mwaminifu. Mwalimu alikubali hilo nilipomuuliza, tena bila kunikata kauli.

Jumamosi moja tulipanda taxi mpaka Namungoona, kwa Waorthodoksi. Safari hiyo peke yake ina thamani ya nusu ya ada. Hadithi ya Reuben Spartas Mukasa wengi wetu hatukuijua. Alikuwa Mwanglikana, na mwaka 1929 akatangaza Kanisa la Orthodoksi la Kiafrika hapa Uganda, kwa sababu alitaka kanisa la mitume lisilo chini ya wamisionari. Mwaka 1932 yeye na Obadiah Basajjakitalo walipewa upadri na Daniel William Alexander, aliyetoka Afrika Kusini. Alexander uaskofu wake ulitoka kwa George Alexander McGuire wa Marekani, naye McGuire aliwekewa mikono mwaka 1921 na Joseph René Vilatte, askofu ambaye makanisa makubwa hayakumtambua. Spartas alipoanza kuona kasoro katika yale waliyoachiwa, hakuwaambia watu wafumbe macho. Akautafuta Upatriarki wa Aleksandria, kiti cha mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika, na mwaka 1946 wakapokelewa. Mtu aliyekuwa tayari na kanisa lake, waumini wake na upadri wake, akauliza swali lilelile juu yake mwenyewe: mikono iliyoniwekewa ilitoka wapi? Nilisimama pale uwanjani nikamheshimu sana mzee yule.

Sasa Karthago. Fotokopi zilikuwa na kurasa nzuri kabisa juu ya Askofu Kipriani na Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa lile, lakini darasani walipewa dakika za mwisho za siku ya mwisho, watu wakiwa tayari wanatafuta viatu na miavuli. Hilo ni kosa kubwa la mpangilio. Hili ni kanisa la Afrika! Nimesoma kurasa zile nyumbani mpaka zimechakaa, na ninasikitika kwamba wenzangu wengi wameziweka kabatini.

Mwaka 250 Kaisari Dekio aliwataka watu wote watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Hati za namna hiyo zimepatikana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Wakristo wengi wa Karthago walikubali, au walinunua hati. Wengine walikataa wakafungwa. Kipriani, askofu wao, alijificha. Halafu waliofungwa wakaanza kuwaandikia walioanguka barua za msamaha, na Kipriani kutoka mafichoni akasema msamaha si wenu kuutoa peke yenu. Mamlaka ni ya nani hapo: ya aliyechaguliwa akakimbia, au ya ambaye hakuchaguliwa lakini akateswa? Mtu wa Uganda analijua swali hili mwilini. Na Kipriani hakuishia kujificha, alikatwa kichwa mwaka 258. Tena yeye mwenyewe aliandika kwamba waumini wana uwezo wa kuchagua makuhani wanaostahili na kuwakataa wasiostahili. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana naye Karthago wakashikilia msimamo kinyume na wa Stefano, askofu wa Roma, juu ya kama ubatizo wa waliojitenga ni halali.

Kisha mwaka 303 Diokletiano akaamuru Maandiko yachomwe. Baadhi ya viongozi waliyatoa. Baadaye Kaekiliano alipowekwa kuwa askofu wa Karthago, wengi, ndio walioitwa Wadonati, walimkataa wakidai kwamba Feliksi wa Aptunga, aliyemwekea mikono, alikuwa mmoja wa waliotoa. Feliksi alichunguzwa na kuonekana hana hatia, lakini mgawanyiko uliendelea zaidi ya miaka 100. Jibu la Augustino, askofu wa Hippo hukohuko Afrika, lilikuwa kwamba anayebatiza ni Kristo, hata kama mikono ya mhudumu ni michafu. Ni jibu linalomwokoa muumini: mama wa nyanya akibatizwa na tapeli, ubatizo wake haufi. Lakini tapeli halimwokoi. Hapa mimi nawaonea huruma Wadonati, maana hasira yao ilikuwa ya watu waliozika ndugu zao.

Na tazama tulipo. Mei 1886 kule Munyonyo, Charles Lwanga, shahidi wa imani wa Uganda ambaye hakuwa padri, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaofundishwa kabla ya ubatizo, Kizito akiwa mmoja wao, usiku wakisubiri hukumu. Tarehe 3 Juni akachomwa Namugongo. Hakuna Mkatoliki Uganda anayesema ubatizo ule ulikuwa batili. Swali waliloligombania Stefano na Kipriani mwaka 256, la mkono gani unaweza kubatiza, liko jirani kabisa na usiku ule wa Munyonyo. Darasa lililokaa Kampala na kula chapati Kampala lingestahili kulijadili asubuhi nzima.

Mengine ni madogo. Fotokopi ni hafifu, kurasa nyingine hazisomeki bila mwanga wa jua. Ukumbi uko karibu na gereji, na asubuhi wanagonga mabati. Fibi na Yunia, wanawake aliowataja Paulo, walipewa sentensi chache, na Priskila na Maksimila, manabii wanawake wa Frigia, walitajwa kama wazushi tu bila sisi kusoma lolote lao. Wanawake tuliokuwa darasani tulilalamika, na mwalimu akaahidi kulirekebisha. Chai ni nzuri, na haiishi.

Nani aende? Wahazini, makatibu, wazee wa kanisa, viongozi wa kina mama, yeyote anayekaa karibu na pesa ya sadaka. Anayetafuta kuthibitishiwa kwamba dhehebu lake ndilo la kweli atachoka mapema, kwa kuwa mwalimu hamfanyii mtu kampeni. Nenda na Biblia yako, zao hazitoshi. Ukijiandikisha waambie siku ileile kwamba unataka Karthago ipewe Jumamosi yake; mimi na wenzangu tumeshawaandikia, na tukiwa wengi watasikia. Ada lipa kwa simu uhifadhi ujumbe, au ukilipa taslimu subiri risiti palepale mezani, kwani karani anapenda kusema itakuja wiki ijayo.