Kifaa cha kutafuta misimbo ya ICD-11 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa): kinawafaa makarani wa kumbukumbu za wagonjwa Mbeya na Iringa?

Kwa uvimbe wa kurithi, ndiyo, kuliko kitabu cha ICD-10, toleo lililotangulia. Kifaa hiki cha Shirika la Afya Duniani ni cha bure na hufunguka hata kwenye simu. Unaandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, msimbo unatokea.

Mfano ni nyurofibromatosi, ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe kwenye neva. ICD-10 inaziweka aina ya 1 na ya 2 kapu moja, Q85.0, ilhali ya kwanza huonekana zaidi kwenye ngozi na ya pili kwenye neva za kusikia. ICD-11 inazitenga: LD2D.10 na LD2D.11. Ugonjwa wa von Hippel-Lindau, nao wa uvimbe wa kurithi, kwenye ICD-10 uko Q85.8, pamoja na mwingine wa kurithi, Peutz-Jeghers. Ukitafuta takwimu baadaye, utazitenganishaje?

Kasoro kubwa haimo kwenye kifaa, imo kwenye faili. Daktari akiandika "uvimbe wa neva" tu, karani ataweka D36.1 ya ICD-10 (uvimbe wa neva usio saratani) na ugonjwa wa kurithi utapotea. Saratani ya jicho la mtoto, retinoblastoma, ni C69.2 iwe ya kurithi au la, kwa hiyo historia ya familia iandikwe kwa Z80, msimbo wa saratani katika familia. Ila Z80 isisimame badala ya ugonjwa wenyewe!

Kuunganisha misimbo ya ICD-11 kwa alama ya / na & kunachosha mwanzoni. Na kwa zahanati za Makete, mkoa jirani wa Njombe, zenye mtandao wa kusuasua, mwambieni fundi wa kompyuta aweke toleo lisilohitaji intaneti.