Jibini Nyuma ya Maziwa

Kati ya hadithi 10 zilizomo katika Drown, kitabu cha kwanza cha Junot Díaz kilichotoka Marekani mwaka 1996, ile yenye jina refu kuliko zote, “How to Date a Browngirl, Blackgirl, Whitegirl, or Halfie”, ndiyo iliyonirudisha kitabuni mara ya pili. Jina lenyewe linaahidi somo la namna ya kutoka na msichana wa rangi ya maji ya kunde, mweusi, mzungu au chotara, na atakayeishia hapo atadhani kwamba rangi ndiyo mada yote. Kumbe msimulizi, kijana wa New Jersey mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, aliyejisingizia ugonjwa ili mama na kaka yake wamwachie nyumba, anaanza kwa kuondoa kwenye friji jibini ya serikali, ile ya msaada iliyoanza kugawiwa maskini wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msichana akiwa wa mtaa wa hali yao, maboksi yasukumwe tu nyuma ya maziwa; akitoka kwa wenye nacho, yapandishwe kabatini juu ya jiko, mahali asipoweza kuyaona. Anaulizwa mtaa kabla ya ngozi. Kisha zinafuata picha za ndugu wa kijijini, watoto nusu uchi wakivuta mbuzi kwa kamba, pamoja na picha yake mwenyewe akiwa na nywele za afro, hivyo aibu ya ufukara na aibu ya weusi zinafichwa kwa mkono uleule.

Msomaji aliyelelewa na tenzi za wosia atautambua mtindo wa amri tupu, fanya hiki, acha kile, ila hapa anayeusia ni mvulana mwenye hofu, na anayeusiwa ni yeye mwenyewe.

Kasoro ninayoiona ni kwamba wasichana hawana majina, na wengi wao ni utabiri tu wa nani atakubali nini. Wanaokitetea kitabu husema ujinga huo ni wa kijana, si wa mwandishi. Nakubali nusu, kwa sababu hadithi inapomwachia msichana mdomo, inanyanyuka papo hapo. Chotara, ambaye wazazi wake walikutana katika harakati za haki za weusi, anasema watu weusi humtendea vibaya na ndiyo maana hawapendi. Kijana anajiambia ajiulize anawaonaje Wadominika, lakini asithubutu kumuuliza.

Anayetaka kukinunua ajue kwamba Kiingereza chake ni cha mitaani, kimechanganywa na Kihispania kisichofafanuliwa ndani ya hadithi, na neno la dharau analoitwa chotara huyo, “halfie”, halina mwenzake wa Kiswahili ninayemwamini. Hadithi yenyewe ni kurasa chache, husomwa chai haijapoa. Amri ya mwisho haimhusu msichana hata kidogo: jibini irudishwe mahali pake kabla mama hajagundua.